Mwanamke Si Zawadi ya Mshindi

Michezo ya video, ambayo vijana wetu huiita gemu, si jambo geni tena katika miji yetu. Vibanda vya gemu vimeenea mitaani kuanzia Kariakoo hadi Kisauni, na wasiokwenda vibandani huchezea katika simu za mkononi. Wazee wengi huilaumu michezo hiyo kwa jambo moja, nalo ni kuwapotezea watoto wakati na fedha. Lawama hiyo ina haki yake, lakini leo hatukusudii kuirudia. Twataka kuuliza swali jingine, ambalo kwa maoni yetu ni zito zaidi: katika ulimwengu ule wa ndani ya kioo, ni nani anayepewa upanga, ni nani anayepewa sauti, na ni nani anayefungwa mnarani akingoja kuokolewa?

Twauliza kwa sababu mchezo ni shule isiyo na kengele. Mtoto wa mtaani kwetu achezaye mdako hujifunza hesabu na wepesi wa mkono; achezaye rede hujifunza kukwepa na kuvumilia; na wale wachezao baba na mama hujifunza nyumba inavyoendeshwa, kwa kuwaiga watu wazima waliowazunguka. Gemu nayo hufundisha vivyo hivyo, ila ina nguvu zaidi. Msomaji wa hadithi humtazama shujaa kwa mbali. Mchezaji wa gemu ndiye shujaa mwenyewe. Yeye ndiye arukaye, apiganaye na ashindaye. Basi mtoto akicheza miaka kumi bila kumwona mtu wa jinsia yake au wa rangi yake akishinda, hatuwezi kusema kwamba hakufundishwa kitu. Amefundishwa, na somo limemwingia bila ya mwalimu kufungua kinywa.

BINTI WA MNARANI

Yafaa tuanze na historia, maana asiyejua alikotoka hajui aendako. Mwaka 1981 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mchezo wa Donkey Kong, uliobuniwa na Shigeru Miyamoto. Ndani yake nyani mkubwa amemteka msichana na kumpandisha juu ya jengo, na fundi seremala anapanda ngazi kwenda kumwokoa. Msichana yule hakuwa na kazi nyingine ila kuomba msaada. Miaka minne baadaye, mwaka 1985, ukaja mchezo wa Super Mario Bros., na humo tena binti mfalme ametekwa, na shujaa avuka nchi nzima akimtafuta. Ufundi wa michezo hiyo hatuna ugomvi nao. Imewafurahisha watu wa vizazi vitatu. Lakini iliuzwa kwa mamilioni, ikaigwa na wengi, na mfano wake ukawa desturi: mwanamume hutenda, mwanamke hungoja. Mwanamke akafanywa kama kombe linalowekwa mezani siku ya fainali, zawadi ya mshindi.

Hata pale mwanamke alipopewa silaha, desturi hiyo haikumwacha. Mwaka 1986 kampuni hiyo hiyo ilitoa mchezo wa Metroid, ambao shujaa wake, Samus Aran, alivaa deraya toka utosini hadi unyayoni. Kitabu cha maelezo cha Kiingereza kilichouzwa pamoja na mchezo huo kilimtaja kama mwanamume. Mwishoni kabisa, mchezaji aliyemaliza upesi ndipo alipoonyeshwa kwamba shujaa aliyekuwa akimwendesha muda wote ule ni mwanamke. Ilikuwa hatua kubwa kwa wakati wake. Hata hivyo palikuwa na dosari: kadiri mchezaji alivyomaliza kwa haraka, ndivyo Samus alivyoonyeshwa akiwa na mavazi machache zaidi, hata akabaki na vazi la kuogelea. Shujaa mwanamke alipatikana, kisha akageuzwa kuwa tuzo ya vita alivyopigana yeye mwenyewe.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1996, kampuni ya Core Design ya mji wa Derby, Uingereza, ilimleta Lara Croft katika mchezo wa Tomb Raider. Huyu alikuwa msomi wa mambo ya kale, jasiri, asiyengoja kuokolewa na mtu. Wasichana wengi duniani walimpenda kwa hayo. Lakini waliomtangaza sokoni walilitangaza umbo lake kuliko akili yake, wakijua fika kwamba mnunuzi waliyemlenga ni kijana wa kiume. Ilipofika mwaka 2013 ndipo mchezo huo ulipoandikwa upya, mwandishi wake mkuu akiwa mwanamke, Rhianna Pratchett, na Lara akapewa hofu, marafiki, majeraha na mwili wa binadamu wa kawaida.

WALIOKUWAPO TANGU MWANZO

Wako watu wasemao kwamba hali hiyo imetokana na maumbile. Kwamba mashine na vita ni mambo ya wanaume, na kwamba wanawake walikuja kubisha hodi baadaye katika nyumba isiyokuwa yao. Historia yalikanusha dai hilo waziwazi.

Carol Shaw alikuwa akitengeneza michezo katika kampuni ya Atari tangu mwaka 1978, na mwaka 1982 akatoa River Raid, mchezo wa ndege za kivita uliopata sifa kubwa. Dona Bailey, akishirikiana na Ed Logg, aliubuni mchezo wa Centipede uliotolewa mwaka 1981. Roberta Williams, mama wa nyumbani wa huko Marekani, alibuni Mystery House mwaka 1980 akishirikiana na mumewe. Mwaka 1988, katika mchezo wake wa King's Quest IV, alimtuma binti mfalme aitwaye Rosella kwenda kutafuta dawa ya kumwokoa baba yake mgonjwa. Naam, binti ndiye aliyetoka kwenda kumwokoa mfalme! Na Toru Iwatani wa Japani, aliyebuni Pac-Man mwaka 1980, alieleza wazi kwamba alikusudia mchezo utakaowavutia wanawake pia, kwa sababu kumbi za michezo za wakati ule zilikuwa zimejaa wanaume peke yao.

Yupo mwingine ambaye jina lake halitajwi sana, ingawa linastahili kutajwa zaidi katika nchi za watu weusi. Huyo ni Muriel Tramis, mzaliwa wa kisiwa cha Martinique. Mwaka 1987, akifanya kazi katika kampuni ya Coktel Vision ya Ufaransa, alitoa mchezo uitwao Méwilo, akisaidiwa na mwandishi Patrick Chamoiseau, juu ya kisiwa chao na mlipuko wa mlima wa Pelée mwaka 1902. Mwaka uliofuata alitoa Freedom. Humo mchezaji huchagua kuwa mmoja wa watumwa, mwanamume au mwanamke, na kazi yake ni kuwashawishi wenzake na kuongoza maasi dhidi ya bwana wa shamba. Mwaka 2018 Serikali ya Ufaransa ilimtunukia nishani ya Légion d'honneur. Tangu mwaka 1988, basi, mwanamke mweusi alikwisha kuonyesha kwamba mashine hiyo hiyo ya kuchezea nyani na binti wa mnarani yaweza kubeba habari za utumwa na ukombozi. Chombo kilikuwa tayari. Kilichopungua ni nia ya waliokishika.

Kwa nini, basi, njia hiyo haikufuatwa? Sababu moja kubwa ilikuwa biashara. Mwaka 1983 soko la michezo ya video lilianguka vibaya huko Marekani. Nintendo ilipoingiza mashine yake nchini humo mwaka 1985, maduka hayakutaka tena kusikia habari za michezo ya video, kwa hiyo mashine ikauzwa kama mwanasesere. Na maduka ya wanasesere yalikuwa na rafu za wavulana na rafu za wasichana. Mashine ilibidi iwekwe upande mmoja, ikawekwa upande wa wavulana. Kompyuta za nyumbani nazo zilitangazwa kwa namna hiyo hiyo. Katika miaka ya kati ya 1980, wanawake walikuwa takriban 37 katika kila wahitimu 100 wa shahada ya kompyuta huko Marekani. Katika miaka ya 2010 walikuwa wameshuka hadi takriban 18. Mambo mengi yalichangia anguko hilo, lakini msichana aliyenyimwa mashine nyumbani alifika chuoni akiwa nyuma ya kaka yake.

Wazee wetu walisema kwamba kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Walioiwamba ngoma hii walikuwa wanaume, wakiwawambia wavulana, na ngozi ikavutika upande huo kwa miaka mingi hata watu wakadhani ngoma iliumbwa hivyo.

HESABU YENYEWE

Ili tusidhaniwe kwamba twasema kwa hisia tu, na tuziangalie hesabu. Mwaka 2009 watafiti wa vyuo vikuu vya Marekani, wakiongozwa na Dmitri Williams, walichunguza michezo 150 na kuwahesabu wahusika wake wote. Waliona kwamba wanaume walikuwa takriban 85 katika kila wahusika 100. Kati ya wahusika wakuu, wale ambao mchezo huwategemea, wanawake walikuwa takriban 10 tu kwa 100. Kwa upande wa rangi, watu weupe walikuwa takriban 80 kwa 100. Watu weusi walikaribia 11, na wengi wao walipatikana katika michezo ya riadha na mpira.

Mwaka 2023 watafiti wa vyuo vikuu vya Glasgow na Cardiff walifanya jambo jingine ambalo sisi twaliona ni la maana zaidi. Hawakuhesabu vichwa, walihesabu maneno. Walichukua michezo 50 ya hadithi ndefu, yenye wahusika zaidi ya 13,000, wakapima nani husema na husema kiasi gani. Jibu walilopata ni kwamba wanaume husema takriban maradufu ya wanawake, na kwamba wanaume walisema zaidi ya wanawake katika michezo 94 kwa kila 100 waliyoichunguza, hata baadhi ya ile ambayo mashujaa wake ni wanawake. Kwa polepole mambo yanarekebika, lakini mwendo ni wa kinyonga.

Twaomba wasomaji walitafakari jambo hilo. Kumweka mwanamke katika picha ni rahisi. Waweza kumchora usiku mmoja. Kumpa neno la kusema, tena neno lenye uzito, ni kazi ya mtu aliyekubali kwamba mwanamke ana la kusema. Mikutano mingi tumeiona ambamo kina mama wameketishwa safu ya mbele wapigwe picha, kisha kipaza sauti kikazunguka kwa wanaume hadi jua likazama. Basi gemu nazo zina mikutano ya namna hiyo.

Wala isidhaniwe kwamba wanawake hawachezi. Ripoti ya mwaka 2014 ya chama cha wenye biashara ya gemu huko Marekani ilieleza kwamba wanawake walikuwa karibu nusu ya wachezaji wote wa nchi ile, na kwamba wanawake watu wazima walikuwa wengi kuliko wavulana wasiofikia miaka 18. Lakini katika vyumba vya kazi, mahali gemu zinapotengenezwa, hali ni tofauti: uchunguzi wa chama cha kimataifa cha watengenezaji ulionyesha wanawake takriban 22 kwa 100 mwaka 2014, na takriban 30 kwa 100 mwaka 2021. Wanaokula ni nusu kwa nusu. Wanaopika na kuamua chumvi ni wengine.

VISINGIZIO VYA SOKO

Wenye kampuni wakiulizwa, hutoa majibu mawili. La kwanza ni gharama. Mwezi Juni mwaka 2014 wakubwa wa kampuni ya Ubisoft waliulizwa kwa nini mchezo wao wa Assassin's Creed Unity, wenye mashujaa wanne wachezao pamoja, hauna hata mwanamke mmoja. Jibu likawa kwamba kumtengeneza mwanamke kungeongeza kazi maradufu, kwa sababu ya mavazi na mwendo wake. Fundi mmoja aliyewahi kufanya kazi katika kampuni hiyo, Jonathan Cooper, alisema hadharani kwamba kwa makadirio yake kazi hiyo ni ya siku moja au mbili. Kilichowachekesha na kuwasikitisha wengi ni kwamba mchezo wenyewe ulihusu wauaji wa siri katika Mapinduzi ya Ufaransa. Muuaji anayejulikana kuliko wote katika mapinduzi yale alikuwa mwanamke, Charlotte Corday, aliyemchoma kisu Jean-Paul Marat ndani ya beseni la kuogea tarehe 13 Julai 1793. Historia ilikuwa na mwanamke tayari. Kampuni ndiyo iliyosema haina nafasi. Na mwaka uliofuata, katika mchezo wa Syndicate, nafasi ilipatikana: Evie Frye aliwekwa sawa na kaka yake.

Jibu la pili ni soko: kwamba mchezo wa shujaa mwanamke haununuliwi. Watengenezaji wa Remember Me, mchezo uliotoka mwaka 2013, walieleza jinsi baadhi ya wachapishaji walivyowakatalia kwa sababu hiyo hiyo. Lakini mwaka 2017 kampuni ya Guerrilla ya Amsterdam ilitoa Horizon Zero Dawn, ambao shujaa wake ni mwanamke mwindaji aitwaye Aloy, na kufikia mwishoni mwa mwaka 2021 ulikuwa umeuzwa zaidi ya nakala milioni 20. Chema chajiuza, walisema wahenga. Mchezo mbaya hautauzwa hata shujaa wake awe simba dume, na mchezo mzuri utauzwa hata shujaa wake awe bibi kizee.

Upo pia upande wa uchungu katika habari hii. Mwaka 2012 mwandishi Anita Sarkeesian aliomba michango ya dola 6,000 ili atengeneze filamu fupi za kuchambua jinsi wanawake wanavyochorwa katika gemu. Watu wakamchangia zaidi ya dola 150,000. Na pamoja na fedha hizo ukaja mvua wa matusi na vitisho. Mwezi Oktoba mwaka 2014 alilazimika kufuta hotuba katika chuo kikuu kimoja cha jimbo la Utah, baada ya kuletwa barua ya kutishia mauaji, na sheria ya jimbo hilo isiruhusu kuwazuia wasikilizaji kuingia na bunduki. Mwanamke alitishiwa bunduki za kweli kwa kusema juu ya bunduki za kuchora! Na huko viwandani nako hakukuwa shwari. Mwezi Desemba mwaka 2021 kampuni ya Riot Games ilikubali kulipa dola milioni 100 kumaliza kesi ya ubaguzi iliyofunguliwa na wafanyakazi wake wanawake. Mtu akiuliza kwa nini wahusika wanawake ni wachache katika kioo, na achungulie kwanza nyuma ya kioo.

NA SISI JE?

Pengine msomaji atasema: hayo ni mambo ya Marekani, Japani na Ulaya, yatuhusu nini? Yatuhusu sana, kwa sababu tumo ndani ya michezo hiyo, tupende tusipende.

Mwaka 2009 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa Resident Evil 5. Mahali pake ni Kijuju, eneo la kubuni la Afrika Magharibi. Wakazi wake wameambukizwa ugonjwa unaowageuza kuwa viumbe wakali waitwao Majini, na mzungu mwenye bunduki anawapiga risasi mtaa baada ya mtaa. Na Majini hao hupiga kelele kwa lugha gani? Kwa Kiswahili! Lugha ya Pwani na Maziwa Makuu imepelekwa Afrika Magharibi ili iwe sauti ya vichaa. Picha za kwanza za mchezo huo zilipoonyeshwa mwaka 2007, zilizusha mjadala mkali juu ya ubaguzi. Ndani ya mchezo yumo mwanamke wa Kiafrika, Sheva Alomar, mpiganaji hodari. Lakini achezaye peke yake humwendesha yule mzungu kwanza, na haruhusiwi kumchagua Sheva mpaka amalize mchezo mzima mara moja. Tena miongoni mwa mavazi ya zawadi aliyoshonewa Sheva limo vazi la ngozi ya chui liitwalo la kikabila. Hapo mambo yetu mawili yamekutana katika mtu mmoja: uanamke wake na Uafrika wake, na vyote viwili vimewekwa nyuma.

Kwa haki yatupasa kutaja na mfano wa kinyume. Mwaka 2005 ulitoka mchezo wa Civilization IV, na wimbo wake wa kufungulia, Baba Yetu, uliotungwa na Christopher Tin, huimbwa kwa Kiswahili. Mwaka 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, na ukawa muziki wa kwanza wa gemu kuipata. Lugha ni ile ile moja. Mmoja aliitumia kwa heshima, dunia ikasimama kumsikiliza. Mwingine aliifanya mayowe. Tofauti ilikuwa katika uamuzi wa mwenye kalamu.

Na tuutazame mpira, ambao ndio unaotawala vibanda vyetu. Mchezo wa FIFA, ambao tangu mwaka 2023 huitwa EA Sports FC, ulianza mwaka 1993. Ilichukua miaka 22, hadi mwaka 2015, kwa timu za wanawake kuingizwa. Ziliingizwa timu 12 za taifa, na kati ya hizo hapakuwa na hata moja ya Afrika. Mwaka ule ule wa 2015 lilichezwa Kombe la Dunia la wanawake huko Kanada, na Afrika iliwakilishwa na Nigeria, Kamerun na Kodivaa. Kamerun ilifika hata hatua ya mtoano. Nigeria haijakosa Kombe hilo hata mara moja tangu lilipoanza mwaka 1991. Italia haikufuzu kwenda Kanada, lakini katika mchezo imo! Ndiyo maana twasema kwamba mlango ukifunguliwa kwa wanawake, yafaa tuulize pia umefunguliwa kwa wanawake gani.

Tangu wakati huo mambo yamesogea. Mwaka 2022 Sam Kerr wa Australia alitokea katika jalada la mchezo huo pamoja na Kylian Mbappé, na ligi za klabu za wanawake zikaanza kuingizwa. Mwaka 2023 wachezaji wanawake na wanaume waliruhusiwa kuwekwa katika kikosi kimoja. Wako wanaume walionung'unika, kana kwamba wamenyang'anywa nyumba. Lakini binti wa kwetu, aliyewaona Simba Queens wakifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ya wanawake Afrika mwaka 2022, hana sababu ya kushangaa. Yeye amekwisha kuona uwanjani kile ambacho kioo kilichelewa kukionyesha.

LA KUFANYA

Kulaumu peke yake hakujengi. Sisi twaona kwamba yapo mambo ambayo yako ndani ya uwezo wetu, bila ya kungoja hisani ya Tokyo au California.

La kwanza lawahusu wazazi na wenye vibanda. Katika nyumba nyingi simu au mashine ikinunuliwa, hupewa mvulana, na dada yake hutumwa jikoni. Katika vibanda vingi msichana akiingia hutazamwa kama aliyepotea njia, na maneno anayorushiwa humfanya asirudi tena. Mwenye kibanda ana haki ya kuweka masharti mlangoni pake kama mwenye duka yeyote: akataze matusi, na atenge saa za wasichana ikihitajika. Hatapoteza kitu, ataongeza wateja. Kwamba mabinti zetu wana uwezo, ushahidi upo: Sylvia Gathoni wa Kenya, ajulikanaye kwa jina la Queen Arrow, alisajiliwa mwaka 2018 na timu ya ng'ambo kucheza Tekken, mchezo wa kupigana ngumi na mateke.

La pili lawahusu walimu. Palipo na kompyuta shuleni, msichana asiachiwe kuandika majina ya waliohudhuria huku wavulana wakishika mashine. Yule atakayejifunza leo kuandika programu ndiye atakayeamua kesho nani awe shujaa. Samaki mkunje angali mbichi.

La tatu, na ndilo kubwa, lawahusu vijana wetu wanaotengeneza michezo. Wapo, na idadi yao yakua. Leti Arts, iliyoanzishwa mwaka 2009, ilifungua kazi zake Accra na Nairobi, ikachota mashujaa kutoka hadithi za Kiafrika. Kiro'o Games ya Yaoundé, Kamerun, ilitoa mwaka 2016 mchezo uitwao Aurion, ambao shujaa wake Enzo husafiri na kupigana bega kwa bega na mkewe Erine. Huyo si mke wa mnarani. Ni mke wa safarini. Twawaomba vijana wa Afrika Mashariki waufuate mwendo huo, na waende mbele zaidi. Hazina ya kuchota ipo tele. Mekatilili wa Menza aliwaongoza Wagiriama kuukataa utawala wa Waingereza mwaka 1913. Akakamatwa, akapelekwa Kisii, mbali kabisa na kwao, akatoroka na kurudi Pwani. Mtengenezaji yeyote mwenye akili ataona kwamba safari ile peke yake yatosha kuwa mchezo mzima. Siti binti Saad alitoka kijijini Fumba akiwa fukara, akafika Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, na sauti yake ikasikika Pwani nzima. Hawa hawakungoja mtu kuja kuwafungulia mlango wa mnara.

Lakini twawaonya vijana hao wasije wakairudia desturi ile ile kwa sura nyeusi. Haitoshi kumchora Mekatilili kwa rangi nzuri, kisha wanaume waliomzunguka wakawa ndio wasemao. Mekatilili alikuwa mtu wa maneno. Kwa maneno ndipo alipowaamsha watu wake. Mchezo utakaomnyamazisha utakuwa umemkamata mara ya pili.

Hatusemi kwamba kila mchezo lazima uwe na mwanamke, wala kwamba mvulana anyang'anywe shujaa wake. Nyumba yenye watoto wawili haiharibiki kwa sababu wote wawili wamepewa viti. Tunalosema ni kwamba wavulana nao wanapata hasara. Kijana aliyekua akiamini kwamba mwanamke ni kombe la kushindaniwa hatalisahau somo hilo siku atakapooa, siku atakapokuwa msimamizi wa kazi, au siku atakapokaa katika kiti cha hakimu. Mchezo huisha, kioo kikazimwa, lakini mazoea ya mkono na ya moyo hubaki.

Binti wa mnarani amengoja tangu mwaka 1981. Minara ile ilijengwa na watu, kwa kalamu na kwa hesabu, na walioijenga wangeweza kujenga vingine. Wenzetu wachache walifanya hivyo tangu mwanzo. Sasa kalamu zimefika mikononi mwa watoto wetu wenyewe, na kabla hawajachora mstari wa kwanza, wajibu wetu ni kuwauliza: katika mchezo mnaoutunga, dada zenu watasema nini?